Kufuli la Jumamosi

Leo Khainza amefunga mlango.
Nimefungua simu kabla sijafunua cherehani,
mistari mitatu ikanijia kama kila Jumamosi,
wa nne ukafifia, ukawa ukungu wa Wanale alfajiri,
na chini yake kisanduku:
elfu mbili kwa mwezi, msomaji wangu.
Msomaji wangu! Miaka tisa hajawahi kuniita hivyo.

Zamani tulimsoma gazetini, kwenye meza ya Mafabi,
nakala moja, macho ishirini,
tumeinama mikono mgongoni, maana ukigusa umenunua.
Mafabi akitufukuza kwa ufagio
tunazunguka, tunamalizia upande wa pili.
Jumatatu tunamkuta tena Khainza, amefungia karanga,
nusu ya sentensi, na chumvi.
Tunacheka vilevile.

Kisha gazeti likampunguza pamoja na wengine.
Akahamia simuni, akaandika bure, tukamsoma bure,
tukamsambaza kama umbea wa msibani.
Hakuna aliyeuliza anakula nini.

Elfu mbili ni nini?
Ni rolekisi ya mayai mawili.
Ni zipu ya suruali na uzi wake.
Ni bodaboda toka Namakwekwe hadi mnara wa saa,
kama una ulimi wa kubembeleza.

Wasike, wa cherehani ya pili, anasema:
"Maneno nayo hulipiwa? Kesho watauza hewa."
Anasema mmoja wetu alipe,
apige picha kioo cha simu, atutumie wengine.
Wote tumekubali. Wote tunamsubiri huyo mmoja.
Adhuhuri imepita, mjinga hajapatikana.

Na mimi ni nani wa kusema? Juzi tu
nilimfokea mwalimu aliyetaka pindo la kirafiki.
"Sindano haili salamu," nikamwambia,
akaondoka na suruali yake ikiburura vumbi.

Lakini liko jambo, na hili Wasike halijui.
Mwaka mmoja Khainza aliandika juu ya mama yangu.
Hakumtaja jina. Alisema tu mwanamke wa malewa, pale sokoni,
apimaye kwa kiganja kisha akaongeza kidogo,
"kiganja kisije kunishitaki kwa Mungu."
Ni yeye. Nani mwingine angesema vile?
Nikamsomea, nikigeuza Kimasaba sentensi kwa sentensi.
Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye leso.
"Ameandika vizuri," akasema.
"Ila lile fungu hajalilipia."

Basi nani anamdai nani?
Alichukua malewa, akachukua na kauli,
akatuachia ukurasa.
Mama ametangulia, na picha yake akiwa anacheka sina.
Nina aya ile, niliyoikata kwa mkasi wa vitambaa,
nikaibandika ndani ya droo ya cherehani;
inanuka mafuta ya mashine,
na kila nikitafuta kifungo ananipimia kidogo cha ziada.

Jioni Wasike amekwenda. Nimeketi na simu.
Kama maneno yana bei sijui. Najua pindo lina bei.
Nabonyeza tarakimu, naweka elfu mbili,
mtandao unakata chake kwanza, kama ada yake.
Panapoulizwa sababu ya malipo, nasita.
Naandika: Toa deni la malewa.
Nafuta.
Naandika: Kwa ajili ya mama.
Nafuta, maana mama angedai chenji.
Naandika: Mwezi mmoja. Tuone.

Ukungu unaondoka. Mstari wa nne unajitokeza.
Unahusu bei ya sukari.

Nausoma polepole, kama mtu anayekula chakula alichonunua.
Simu inatetemeka mkononi. Ni Wasike:
"Vipi, kuna aliyelipa?"
Nipo kwenye mstari wa saba.
Atasubiri.